Chumba cha Mkono Mmoja

Naandika haya nikiwa nimekasirika, na asitokee mtu wa kuniambia nipoe kwanza. Nikipoa sitaandika. Nitakunywa chai yangu nilale, na ninyi mtaendelea kupamba vyumba vya watoto wachanga kama mnapamba ukumbi wa harusi. Mtoto atalia, mama yake atalia, halafu watu watasema huyu msichana hajui kulea.

Mimi ni Bi Tatu wa Isevya, hapa Tabora mjini. Shule niliishia darasa la nne, kwa hiyo mwandiko wangu uvumilieni. Maneno yangu msiyavumilie, yasikilizeni. Kazi niliyoifanya mpaka magoti yakagoma ni ya kukaa na wazazi. Nikisema mzazi nasema mwanamke aliyetoka kujifungua. Nilikuwa naitwa, nahamia pale na khanga zangu, nampikia uji, naogesha mtoto, nafua, namkanda mama kwa maji ya moto kama hakupasuliwa, maana aliyepasuliwa tumbo lake haliguswi. Arobaini ikitimia nafunga virago naenda nyumba nyingine. Nimekaa na wazazi wa mjini, nimekaa na wa Igunga kwenye mpunga na ng'ombe, wa Goweko kwenye tumbaku, mpaka Ulyankulu kwa wale ndugu zetu ambao wazee wao walitoka Burundi. Wote niliwakuta wakiamini kazi yangu kubwa ni kuogesha mtoto. Kuogesha mtoto hata jirani anaweza. Kazi kubwa ni chumba.

Sasa hasira yangu inatoka wapi. Inatoka Chemchem, nyumbani kwa mjukuu wangu Salma.

Salma alijifungua kwa kisu, mtoto wa kiume, wakampa jina Musa ili upande wetu wa msikitini na upande wa mumewe wa kanisani pasiwe na wa kununa. Mumewe ni Masanja, dereva wa lori, mara Mwanza mara Dodoma. Mama yake Salma, ambaye ni mwanangu, alikaa naye siku chache akarudi kwenye kazi yake. Mimi niliambiwa, "Bibi usijisumbue na magoti yako, kila kitu kimeandaliwa." Nikaamini. Nilionyeshwa hata picha kwenye simu. Ukuta rangi ya samawati, pazia la nyota, kitanda cha mtoto cha mninga kimesimama katikati ya chumba, midoli imejaa humo kitandani mpaka unajiuliza mtoto atalala juu yao au chini yao. Mashoga zake walikuwa wamemfanyia ile sherehe mnayoiita bebi shawa, na kila mmoja alileta kitu cha kuning'iniza.

Kisha siku moja simu ikaita, Salma analia.

"Bibi, wanakuja kumchukua Musa."

"Nani?"

"Mama. Mama Masanja. Amesema Jumamosi."

Mama mkwe wake alikuwa amekuja kutoka Igunga kumwona mjukuu. Alipoingia akamkuta mtoto anapiga kelele, nepi imevuja, Salma kasimama katikati ya chumba na machozi, uji umepoa mezani. Akamuuliza mtoto analia nini. Salma akajibu kwamba anafikiri maziwa hayatoshi. Yule mama akasema, "Unafikiri." Akavua kilemba akajifuta uso. "Igunga maziwa yapo. Ng'ombe wanakamuliwa asubuhi na jioni. Jumamosi nakuja kumchukua nikamlee. Wewe pona kidonda chako kwanza."

Maziwa ya ng'ombe. Mtoto ambaye shingo yake haijakaza, hata arobaini hajatoka, apandishwe basi la Igunga akanyweshwe maziwa ya ng'ombe, na titi la mama yake libaki Chemchem likivimba kifuani. Nilitafuta viatu vyangu nikavivaa cha kulia mguu wa kushoto, nikaita bajaji.

Nilipofika niliingia moja kwa moja chumbani. Nilimwamkia mtoto, nikakaa kwenye kigoda pembeni, nikamwambia Salma, "Mnyonyeshe." Akakaa ukingoni mwa kitanda, akampa titi. Musa akalishika vizuri tu, anavuta kama mwanaume anayemaliza supu. Akatapika kidogo. Salma akatafuta kitambaa. Kitambaa kipo kwenye droo ya kabati, ng'ambo ya chumba. Akamchomoa mtoto, akainuka ameshika kidonda, droo ya mninga imekwama kwa mvua, akaivuta kwa mkono mmoja ikakataa, akamweka mtoto chini aivute kwa miwili. Musa akaanza kulia. Akarudi, akampa tena. Koo limemkauka, maji yako jikoni. Akainuka. Akarudi. Simu ikaita sebuleni, ni Masanja, akaogopa asipopokea mwenzake atadhani kuna baya. Akainuka. Mtoto kaanza, kaachishwa, kaanza, kaachishwa, mwishowe akagoma kabisa, akageuza uso akalia ule mlio wa kukata tamaa.

"Unaona, Bibi?" Salma akaniambia. "Hayatoshi."

"Hebu litazame gauni lako."

Akainamisha kichwa. Gauni lilikuwa limelowa maziwa mpaka tumboni.

"Hayo yanayokutiririka ni nini, mvua?"

Hapo ndipo hasira ilinipanda vizuri. Watu wazima wamepita humo ndani, majirani, mashoga, mama mkwe, wote wamemwangalia mtoto analia na wote wakamtazama mama. Hakuna aliyelitazama kabati.

Nawaambia ninyi wasichana, na ninyi wavulana mnaooa, msijifanye hayawahusu. Chumba cha mtoto kikipangwa vibaya, mama anaonekana mjinga. Anaonekana mvivu, anaonekana hana maziwa. Ukimwinua mzazi mara kwa mara akiwa na kidonda na mtoto kifuani, hata awe hodari vipi, atashindwa.

Aliyenifundisha hili alikuwa Bi Nyamizi wa mtaa wa Ng'ambo, Mungu amrehemu. Mfupi, mkali, ugoro puani. Nyumba ya kwanza aliyonipeleka nilitaka kumpendeza. Nikakunja vitambaa kwa rangi zake, vyeupe na vyeupe, vya maua na vya maua, nikavipanga juu ya sanduku vikapendeza kweli. Bi Nyamizi akaingia, hakusifu. Akaenda kukaa kitandani mahali pa mzazi, akachukua mto akaupakata mkono wa kushoto kama mtoto, akanyoosha wa kulia. Haukufika kwenye sanduku. Akanyoosha tena. Haukufika.

"Tatu," akasema, "ulipopanga hivi ulikuwa umekaa wapi?"

"Nilikuwa nimesimama, bibi."

"Mzazi anasimama?"

Akanyoosha mguu akavisukuma vyote chini, vyeupe na vya maua.

"Kaa. Ndipo upange."

Babu yake Bi Nyamizi alikuwa mpagazi, katika wale Wanyamwezi waliobeba mizigo kwa miguu kutoka hapa kwetu mpaka pwani na kurudi. Bi Nyamizi alikuwa akitusimulia kwamba babu yake hakufunga mzigo upendeze. Chumvi, kibuyu cha maji na sufuria vilikaa juu, kwa sababu wakifika kambini ndivyo vinavyotakiwa kwanza na watu wamechoka. Nguo za tajiri zilifungwa ndani kabisa, hazina haraka. Basi yeye kikapu cha mtoto alikifunga hivyo hivyo. Kitambaa cha kufutia juu kabisa, chini yake nepi, chini ya nepi mafuta, chini kabisa nguo ya kubadilisha. Mkono unaingia bila macho kuangalia. Na alikuwa akisema mzazi ana mkono mmoja tu, ule mwingine ni wa mtoto. Kila kitu kilichomo chumbani kikubali mkono mmoja. Kisichokubali kitoke nje.

Wakati ule nepi zilikuwa za kitambaa na zinafungwa kwa pini. Pini inataka mikono miwili na macho mawili, ukikosea unamchoma mtoto. Yeye alizikataza, akatufundisha kufunga kwa utepe wa kitambaa. Leo mna nepi za dukani zinazojishika zenyewe, kazi imekuwa nyepesi kuliko yetu, halafu mnazifungia kwenye droo inayokwama. Mna vitambaa vyenye unyevu tayari, halafu mnavitia kwenye begi lenye zipu. Nani amewahi kufungua zipu kwa mkono mmoja, na huo mkono mwingine umembeba mtoto aliyejinyea mpaka mgongoni?

Basi pale Chemchem nikamwambia Salma anipe mfuko wa unga wa sembe. Nikaukunja kwenye khanga, nikakaa kitandani mahali pake, nikaupakata.

"Bibi, unafanya nini?"

"Nimejifungua. Nyamaza."

Akacheka, huku analishika tumbo lisimuume, na ndiyo mara yangu ya kwanza kumwona akicheka tangu nimeingia. Nikaanza kunyoosha mkono. Maji ya kunywa, sikufika. Nepi, sikufika. Kopo la mafuta nililifikia, kifuniko chake cha kuzungusha, kikanishinda. Nilichofikia bila taabu ni dubu wa manyoya mwenye utepe shingoni.

"Huyu dubu anasaidia nini?"

"Ameletwa na shoga yangu Neema. Akija asipomwona ataumia."

"Na ile khanga iliyotundikwa ukutani?"

"Ya jirani, Mama Rehema. Anaiangalia kila akija."

"Na hili?" Nikaonyesha blanketi zito lenye picha ya simba, limetandazwa ubavuni mwa kitanda cha mtoto, limezuia hata hewa.

Salma akashusha sauti kana kwamba mwenyewe yupo mlangoni. "Hilo la mama mkwe. Hilo Bibi usiliguse."

Mnaona ugonjwa wenyewe? Hapa kwetu mtu akija kuona mtoto lazima aingie chumbani, akae kwenye kitanda cha mzazi na vumbi lake la barabarani, na macho yake yatafute zawadi yake iko wapi. Asipoiona anarudi nyumbani ameuchuna. Kwa hiyo wasichana wanatundika. Chumba kinakuwa duka, kila mleta bidhaa anakuja kukagua rafu yake. Mtoto hana rafu. Mama hana rafu. Na desturi hii si ya simu zenu, nisije nikazisingizia. Niliikuta zamani, simu zimeiongezea taa tu.

Goweko niliwahi kukuta mzazi analala chumba kimoja na marobota ya tumbaku. Ndicho chumba kisichovuja, wakasema. Harufu ilikuwa inakata macho, kichanga kinakohoa. Nikaanza kuyaburuta nje. Mwenye nyumba akaja mbio.

"Bi Tatu, hilo ni shamba langu lote la mwaka."

"Na huyu je?"

"Sasa nikaliweke wapi?"

"Ulale nalo wewe, sebuleni. Mnapendana."

Akalala nalo. Asubuhi akaamka na kikohozi na akili. Kuna waliokuwa wanaingiza jiko la mkaa chumbani miezi ya baridi na kufunga dirisha, nimeyatoa majiko hayo kwa mikono yangu, maana moshi usioonekana unaua mama na mtoto wakiwa wamelala. Kuna wageni wanaoleta asali, na asali ya huku kwetu nani asiyeipenda, lakini wanatumbukiza kidole wamlambishe mtoto eti awe na maneno matamu. Nimevizuia vidole vingi vya wakwe. Kliniki wanakataza mpaka mtoto atimize mwaka. Asali apewe mama kwenye uji wake, asante, tumeipokea.

Turudi Chemchem. Nikamwita fundi aliyekichonga kitanda cha mtoto, kijana mmoja jirani anaitwa Kapela. Akaja na tabasamu, anadhani anaitwa kusifiwa. Kitanda kweli kizuri, nguzo zimekatwa maua, mbavu zimenyooka. Lakini mbavu zilikuwa ndefu, na aliyepasuliwa hawezi kuinama juu yake kumweka mtoto chini bila kumwangusha mwishoni kama gunia.

"Toa ubavu mmoja," nikamwambia.

"Bibi, utaniharibia kazi. Watu watauliza fundi gani huyu."

"Umewahi kupasuliwa tumbo?"

"Hapana, bibi."

"Toa ubavu."

Akautoa huku ananung'unika. Tukakisogeza mpaka kikagusana na kitanda cha Salma, magodoro yakalingana, kisha tukakifunga miguu kwa miguu kwa vipande vya tyubu ya baiskeli, kikakaza, pasiwe na upenyo hata wa kidole. Hilo mlishike vizuri, upenyo kati ya vitanda ni mtego. Midoli yote ikatoka, mito ikatoka. Mtoto alale chali kwake, hana kitu karibu na uso, na chandarua kimoja kikafunika vitanda vyote viwili. Kapela alipomaliza akasimama akikitazama kwa muda. Akasema, "Nikichonga kingine nitaweka ubavu wa kuchomoa." Nikamwambia atakuwa amechelewa, lakini sawa.

Misumari ya kutundikia vikapu nayo nilimwambia aipige chini. Akauliza chini wapi. Nikamkalisha Salma, nikaweka kidole usawa wa bega lake. Hapo. Kwenye msumari mmoja kikapu cha mtoto, kimefungwa kipagazi, mdomo wazi, hakuna zipu. Kwenye mwingine kikapu cha mama: chupa ya maji yenye mdomo wa kuvuta, karanga, khanga kavu, na simu. Mama anayenyonyesha ana njaa na kiu kila wakati, na ninyi mnamwekea kikapu mtoto peke yake kana kwamba maziwa yanachotwa bombani. Ndoo ya nguo chafu ikakaa kando ya mlango, chafu haivuki kitanda. Kigoda miguuni pake ili magoti yainuke na mgongo usiume. Kochi la wageni likatoka. Lilikataa kupita mlangoni, tukalisimamisha wima likatoka.

Khanga ya Mama Rehema nikaichana vipande vya kufutia. Salma akafumba macho.

Masanja alirudi safari akakuta chumba kimebadilika, akaingia akatupia funguo za lori kwenye kikapu cha mtoto.

"Masanja," nikamwita.

"Naam, bibi."

"Usukani wa lori lako ukiuhamishia kiti cha nyuma utafika Mwanza?"

Akazitoa funguo. Nikamkalisha kitandani na mfuko wa sembe mkononi mpaka akajua kila kitu kilipo, na kwamba anayetoa ndiye anayerudisha, cha juu kikae juu na cha chini kikae chini. Mwanaume aliyepakia lori analielewa hilo upesi kuliko mnavyodhani. Kesho yake nilimsikia akimgombeza shemeji yake aliyekuja kuona mtoto, kwa kuweka mafuta juu ya nepi.

Mama Rehema akaja, nikampokea sebuleni, mkeka umetandikwa.

"Bi Tatu, siku hizi mgeni haingii chumbani? Mmekuwa wazungu?"

"Mtoto ananyonya. Akimaliza ataletwa umpakate."

"Na khanga yangu nilimletea, inamfaa?"

"Hiyo hata sasa hivi anaitumia," nikamwambia, na sikusema uongo.

Siku zilizobaki nilimkalisha Salma anyonyeshe bila kuinuka. Mwanzoni alikuwa anashtuka, mguu unashuka wenyewe kutafuta ndala. Nikamwambia, "Unakwenda wapi? Kila kitu kipo." Musa naye hakuamini. Alikuwa ananyonya kwa wasiwasi, anafungua jicho kuona kama ataachishwa. Kisha akaanza kunyonya mpaka anaachia mwenyewe, mkono umelegea, maziwa pembeni mwa mdomo.

Jumamosi Mama Masanja akafika na basi la asubuhi. Mwanamke mrefu, mweusi wa kung'aa, anatembea kama mwenye mifugo. Mbeleko mpya kabisa ilikuwa begani mwake, haijafuliwa hata mara moja. Kaja nayo kumbebea mtoto mpaka Igunga.

"Shikamoo mama," akaniamkia.

"Marahaba, mkwe. Za Igunga?"

"Nzuri. Nimemfuata mjukuu."

"Yuko ndani na mama yake. Wewe pita."

Yeye nilimruhusu kupita. Nilitaka aone, na nilikuwa naogopa, sifichi. Akiamua kumchukua, Masanja hangemkatalia mama yake, na mimi ni bibi wa upande wa msichana, neno langu kwao ni la kusikilizwa kisha kuwekwa kando.

Tukasimama mlangoni. Salma alikuwa amekaa, Musa kifuani. Akamwamkia mkwewe, lakini hakuinuka. Nilikuwa nimemkanya: hata akiingia nani, usiinuke. Yule mama macho yake yakaanza kuzunguka. Kitanda cha mtoto hakina ubavu. Kochi hakuna. Ukuta mtupu. Nikajua anachokitafuta.

"Blanketi langu liko wapi?"

Salma akanitazama. Sikumsaidia.

"Limenishika mgongo, mama." Akasogea kidogo, likaonekana, limekunjwa kwa unene, simba kakunjwa naye, limejazwa pale kwenye kiuno kinapouma. "Nisingeweza kukaa muda wote huu bila hilo."

Hapo Musa akatapika. Mkono wa Salma ukaingia kikapuni bila macho kuangalia, ukatoka na kitambaa, ukafuta, mtoto hakuachia titi. Akanywa maji. Mtoto akajinyea, nepi ikalia ule mlio wake, akamlaza pale pembeni, mkono ukaingia tena, akafuta, akafunga, akampaka mafuta, akamrudisha upande wa pili. Hakuinuka. Musa hakulia. Mama Masanja alisimama pale mpaka mtoto akaachia mwenyewe na kulala, mdomo wazi.

Kisha yule mama akasema kwa sauti ndogo, hasemi na mtu, "Wa kwanza wangu alilia hivi hivi. Waliniambia ni kawaida tu, mtoto kulia."

Masanja, mnielewe, ndiye mkubwa wa watoto wake walio hai. Wa kwanza nilikuwa sijamsikia akitajwa. Kumbe yule mwanamke hakuja kunyang'anya. Alikuwa anakimbia mlio anaoujua. Hasira yangu kwake ikaishia pale pale. Iliyobaki ni ya hao waliomwambia ni kawaida, wakatoka zao.

"Anashiba?" akamuuliza Salma.

"Anashiba, mama."

"Kwa titi tu?"

"Kwa titi tu."

Akaitoa ile mbeleko begani, akaikunja mara mbili, akaangalia mahali pa kuitundika. Mkono wake ulianza kwenda juu, kwenye msumari wa zamani wa pazia, mahali ambapo kila mgeni angeiona. Ukasimama. Akageuka akamtazama Salma alivyokaa, akapima kwa macho, akainama, akaitundika kwenye msumari wa chini, usawa wa bega.

"Hapa unaifikia?"

Salma akanyoosha mkono mmoja, akaigusa.

"Naifikia."

"Haya." Akajinyoosha, akazungusha macho chumba kizima. "Na mimi sasa nikae wapi?"

"Sebuleni, mkwe," nikamwambia. "Uji upo."